Njia ya Vinyenze Naijua

Jumatatu, 19 Agosti 1974
Leo nimepata akili. Kubwa!
Bi. Sitara, mwenye nyumba wetu hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ametangaza uani kwamba chumba cha mbele kiko wazi. Kina baraza! Kinatazama barabara! Mimi ni fundi baiskeli. Miaka minne natengeneza baiskeli za watu juani, kandokando ya uzio wa soko jipya linalojengwa, vumbi la saruji linaingia mpaka kwenye gololi. Bi. Sitara anasema chumba atampa mpangaji mwenye mzazi mzee. Amechoka na vijana na redio zao. Anataka mtu wa rika lake wa kutafuna naye tambuu.
Mimi nina mama! Yuko Vinyenze, mbele ya Maneromango, peke yake tangu baba afariki. Kwa nini sikuliwaza hili mapema?
Mke wangu Zamda ameuliza kama ningemkumbuka mama bila hicho chumba. Uchokozi.

Jumanne, 20 Agosti
Habari mbaya. Ameileta kaka Rajabu, kutoka kwake Buguruni. Anasema operesheni ya vijiji imefika kwetu. Malori yalikuja wiki iliyopita. Watu wote wa Vinyenze wamehamishiwa vijiji vipya vya kando ya barabara, na nyumba za zamani zimeezuliwa. Muuza mkaa aliyempa habari hakumwona mama. Vijiji vipya ni vitatu, hajui yuko kipi.
Rajabu anataka tungoje Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Twende kwa basi mpaka Kisarawe, tuulize ofisini, watutazamie jina kwenye daftari. Tuulize! Tupange foleni kumwulizia mama yetu mzazi, kama tunaulizia mzigo uliopotea stesheni!
Nimeuona mchezo wake. Akimpata yeye atampeleka Buguruni. Baraza ndiyo basi tena.
Nikamwambia nakwenda mwenyewe, kesho, kwa baiskeli. Akauliza njia nitaijuaje, mara ya mwisho nilikwenda mwaka sitini na nane, tena juu ya lori, nimelala usingizi mpaka Maneromango.
Uongo. Niliamka kidogo Kisarawe.

Jumatano, 21 Agosti
Nimetoka na adhana ya alfajiri. Foniksi yangu, mnyororo umepakwa grisi. Pampu, viraka sita, chupa ya maji, mihogo ya kuchemsha. Kwenye kerieri nimefunga mto wa Zamda, mama akalie wakati wa kurudi. Zamda hajui kuhusu mto.
Ilala, Buguruni, Barabara ya Pugu: safi kabisa. Vilima vya Pugu nilisukuma. Kisarawe nimepita saa tatu, macho mbele, ofisi ya wilaya nimeiacha bila hata kupunguza mwendo.
Njia mimi naishika kwa alama. Nyumba ya bati yenye mlango wa buluu, pinda kushoto. Kisima cha saruji, nyoosha. Duka lenye mizani inayoning'inia, pinda kulia. Zote ziko kichwani, hakuna wa kuniibia.
Zimeibiwa! Nyumba ya bati haipo, umebaki msingi. Kisima kimefukiwa. Duka labda nimelipita, labda ndilo lile rundo la udongo lenye kuku mmoja juu yake. Nikapinda kushoto kwa kukisia. Halafu tena kushoto, ili kusawazisha.
Saa nane nikapita mahali penye vibanda vipya, mistari miwili kando ya barabara, vya makuti na matawi ya mikorosho. Watu wamekaa na masufuria yao juani kama wanaongoja gari. Mwanamke mmoja akanipigia kelele: "We baba wa baiskeli! Simama! Simama kwanza!"
Nikajua tu. Wana matairi yaliyopasuka, wanataka fundi wa bure. Tena nikisimama wataniuliza nakwenda wapi. Nikakanyaga pedeli. Akaendelea kuita, mimi nikaendelea kukanyaga.
Jioni nimelala kwenye nyumba isiyo na paa. Chungu bado kiko mafigani, na mwiko ndani yake. Mwenyewe hayupo. Sikupenda kulala pale.

Alhamisi, 22 Agosti
Asubuhi yote vijia tu. Vinaingia kwenye mashamba ya watu, vinakufa. Nimeita mara mbili, hakuna wa kuitika.
Saa tano nikatokea kwenye reli! Reli mpya ya Wachina, mwaka sitini na nane haikuwapo. Nikafurahi mno. Reli haipindi ovyo. Inakwenda Zambia, na Zambia iko upande wa kwetu. Nikafuata kijia cha kando ya tuta.
Alasiri jua lilikuwa mgongoni mwangu. Lilipaswa kuwa usoni. Nikasema jua la Agosti halina msimamo.
Mihogo ikaisha. Maji yakaisha. Tairi la nyuma limepasuka mara tatu. Giza linaanza, nikaona mataa na nyumba nyingi, nikasema kumbe kijiji kipya wamekijenga kweli, hawakufanya mchezo. Palikuwa na mama mmoja anakaanga samaki. Nikamwamkia, nikauliza kwa mzunguko, nisionekane mgeni: hapa siku hizi watu wanapaitaje?
"Panaitwa Buguruni, baba, kama siku zote," akasema. "Umekunywa?"

Ijumaa, 23 Agosti
Siwezi kukaa. Naandika nimesimama.
Nimemwambia Zamda nilikwenda kupeleleza njia, kumchukua mama ni hatua ya pili. Aliutazama mto wake, umechanika na kujaa vumbi.
Asubuhi Rajabu alipita kunichukua twende wote kwa basi. Nilikuwa uvunguni. Huenda jana aliniona pale kwa muuza samaki, na sikuwa tayari kwa maswali. Nilimsikia akimwuliza Zamda, "Yupo au hayupo?" Zamda akasema hata yeye hana hakika. Akaondoka peke yake.
Saa kumi pigo lingine. Chumba cha mbele amepewa Benjamini, fundi cherehani. Shangazi yake amewasili kutoka Ndanda. Shangazi! Nikaenda kulalamika kwamba shangazi si mzazi. Bi. Sitara akasema huyo shangazi angalau amekwisha mwona kwa macho, ana meno mawili na ni mcheshi sana. Mama yangu mimi yuko wapi?
Basi sina tena sababu ya kwenda. Hilo nimeliwaza mpaka magharibi. Halafu nikawaza kile chungu na mwiko wake.
Kesho naondoka.

Jumapili, 25 Agosti
Nimefika. Leo saa nne asubuhi. Jana nililala tena porini, na leo nimemfuata muuza mkaa mmoja kwa nyuma, mbali kidogo, asijue kama namfuata.
Ni palepale. Vile vibanda vya mistari miwili.
Rajabu alikuwa amekaa mkekani na wanaume wengine. Nikamwuliza mama yuko wapi.
"Tumemzika jana alasiri," akasema. Hakuinuka.
Amenieleza yote, polepole, kama anamweleza mtoto. Mama alishikwa na kuhara siku chache baada ya kuhamishwa. Maji ya hapa ni ya dimbwi. Jumatano alikuwa amelala nje, mbele ya kibanda, akaniona napita. Alinijua kwa mgongo. Akamtuma jirani yake, Mwanamkuu, aniite. Alhamisi wanaume walileta kitanda wambebe mpaka zahanati ya misheni. Alikataa. Aliwaambia, "Mwanangu Fikirini ana baiskeli. Amepotea njia tu, atarudi anichukue." Hata kumwingiza ndani kwenye kivuli alikataa, maana huko ndani asingeiona barabara. Ijumaa asubuhi akawakatalia tena. Rajabu alipofika jioni, alikuwa hawezi kusema. Jumamosi alfajiri akakata roho.
Nikamwuliza Mwanamkuu kwa nini hakusema wazi kwamba anayeniita ni mama. Akasema alisema. Alikimbia nyuma yangu mpaka kandambili zikamkatikia, anasema, ni mama yako, ni mama yako.
Kulikuwa na upepo. Mnyororo nao ulikuwa unapiga kelele.
Nimekwenda kaburini. Udongo ni mwekundu, bado una alama za majembe. Nimekaa mpaka watu wakaja kunichukua. Zamda asiusome ukurasa huu.

Alhamisi, 5 Septemba
Hitima ya mama itasomwa kule kijijini Jumapili, kabla ya mfungo. Watu saba wa hapa Kariakoo watakwenda kwa baiskeli, Benjamini naye yumo. Jana walikuja kuuliza nani ataongoza msafara. Rajabu alifungua mdomo. Nikamtangulia. Nani mwingine katika hawa amekwenda mara mbili kwa baiskeli, ndani ya wiki moja?
Rajabu hakubisha. Siku hizi hasemi nami sana. Alichukua kalamu, akaandika kwenye karatasi, akanipa. Kisarawe, uliza. Njia panda ya kwanza, uliza. Ya pili, uliza. Mwandiko mzuri, wa mtu wa ofisini.
Meza yetu mguu mmoja ni mfupi, inacheza ninapoandika. Nimeikunja ile karatasi mara nne nikaipachika chini. Imetulia kabisa.
Nimewaambia wote wawe tayari Jumamosi alfajiri na wanifuate mimi, asisimame mtu hata akiitwa. Kuna kijia nimekiona upande wa Pugu, kinaingia msituni. Kitatuokolea masaa mawili.