Sisi Si Ukoo wa Sanduku

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kumbukumbu za Wahamiaji,

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KUREJESHEWA JINA LA UKOO LILILOPOTEA MIKONONI MWENU

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa, kwa sababu ni ndefu. Mimi ni fundi kufuli, mwenye kibanda mtaa wa nyuma ya ofisi yako, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa mteja wenu wa kila Jumamosi. Mlinzi wa getini ananiita Mfanyakazi. Sijachukia, ila naona ningestahili basi kupewa na kiti.

Naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo. Nimeyapanga kwa namba ili yasipotee, maana najua hali ya vitu vinavyoingia humo ndani.

1. Babu yake baba yangu alishuka kwenye treni katika kituo cha mpakani akiwa na mtoto mgongoni na jina lake kamili. Siku hiyo abiria walikuwa wengi na karani wenu alikuwa na njaa. Badala ya kuwauliza watu majina ya koo zao, alipita kwenye foleni akinakili majina yaliyoandikwa kwenye mizigo. Ndivyo alivyofanya kazi, na inasemekana alimaliza treni nzima kabla ya chakula cha mchana. Babu yetu hakuwa na mzigo. Alikuwa amemshikia sanduku mama mmoja mjane aliyeumwa kiuno. Basi akaandikwa kwa jina la ukoo wa yule mama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haya, hakubisha. Babu alifariki mtoto wake akiwa bado mdogo, na jina la kweli akaondoka nalo. Hadi leo watu thelathini na wanane, wakiwemo wanangu watatu, tunaitwa kwa jina la sanduku. Mtu alifanya wema wa dakika kumi, adhabu yake inaingia mwaka wa mia moja na kumi.

2. Ukoo halali wa sanduku upo, na unatupenda kupita kiasi. Mwaka jana alikuja mzee wao mmoja aliyeona jina letu kwenye bango la kibanda changu. Alisema amekuja kulala usiku mmoja awaone ndugu zake. Alikaa wiki tatu. Alilala kitandani kwangu, akawakanya wanangu kwa namna wanavyokaa, akahamisha kabati la vyombo. Mke wangu aliniuliza huyu ni nani kwetu. Nilipomdokezea mzee kwamba huenda sisi si damu moja, alilia, akasema hata marehemu kaka yake alikuwa na ukaidi kama wangu. Ningekuwa na jina langu, Ndugu Mkuu, ningekuwa na kitanda changu.

3. Hapa nakuja kwenye ofisi yako, na naomba unisikilize kwa utulivu. Fomu ya kuombea jina halisi la ukoo ina mstari unaosema: Jina halisi la ukoo. Mstari huo ni wa lazima. Nilimweleza dada wa dirisha la tatu kwamba ningekuwa nalijua nisingekuja. Akanijibu kwa upole kwamba fomu haipokelewi ikiwa na nafasi wazi. Nikaandika: Silijui. Akapiga mhuri. Baada ya miezi minne nikapokea majibu rasmi kwamba mmepekua vitabu vyote vya mwaka ule na hakuna mtu wa ukoo wa Silijui aliyeingia nchini. Nikarudi. Nikatumwa dirisha la tano, la tano wakanirusha chumba cha chini, chumba cha chini nikakuta mzee mmoja anakunywa chai, akaniambia yeye pia anasubiri kuhudumiwa. Mguu niende, mguu nirudi. Mwezi wa pili baada ya hapo faili letu lilipotea. Mwezi wa tatu lilionekana, likiwa limenenepa, na ndani yake kuna maombi ya mtu anayetaka kuhamisha kaburi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Baba yangu ni fundi cherehani mstaafu, ana miaka themanini na minne, na moyo wake daktari anausikiliza kwa kukunja uso. Miaka miwili iliyopita aliniita akaniambia hataki kufa na jina la sanduku la watu, niende nikalitafute lake. Mimi ni mtu wa kazi, zamani nilikuwa namtembelea mara mbili kwa mwaka, na ikitokea dharura mara tatu. Sasa kila mkinifungia dirisha saa sita mchana, nalazimika kwenda kumpa taarifa. Hakubali kwa simu. Anataka kujua dirisha gani, nani alisema nini, na yule dada alikuwa amevaa nguo ya mshono gani. Habari ya Silijui nimeisimulia mara sita, na kila mara anacheka mpaka dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayekaa naye, anatoka jikoni kumletea maji.

Naomba uone hasara niliyoipata. Kwa uzembe wa ofisi yako nimekula chakula cha mchana kwa Baba mara tisini na nne. Nimemnyoa ndevu. Nimefundishwa kutia uzi kwenye cherehani, kazi ambayo nilipokuwa mtoto alisema sina mikono yake. Nimeambiwa mambo ya marehemu mama ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Wateja wangu wa Jumamosi wamekwenda kwa fundi mwingine, ambaye nasikia kazi yake ni mbovu.

5. Kwa kuwa subira yetu imefika shingoni, tunadai yafuatayo. Jina letu lipatikane ndani ya siku saba. Wajukuu wa yule karani watafutwe popote walipo, waje waombe radhi kwa ukoo wetu kwa foleni, huku wameshika mizigo isiyo yao. Wewe mwenyewe, Ndugu Mkuu, uitwe kwa jina la begi lako mpaka shauri hili litakapokwisha, nasi tutakuja kulisoma. Na yule mzee wa ukoo wa sanduku, ambaye ameandika kwamba anarudi, apokelewe na ofisi yako, kitanda juu yenu.

Naamini utalishughulikia jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie dada wa dirisha la tatu, mlinzi, mpiga mhuri, na mzee wa chumba cha chini kama bado yupo. Baba naye anawasalimu nyote, hata asiowajua.

Wako katika kusubiri,

Fundi Kufuli
(jina la ukoo: liko kwenu)

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaibandika stempu nilipokumbuka kwamba mnadai nakala ya kitambulisho cha Baba. Alhamisi, dada yangu alipompeleka Baba kliniki, nikafungua droo ya kabati lake. Chini ya kitambulisho nikakuta barua yenye mhuri wenu, mliyomwandikia Baba miaka kumi na moja iliyopita. Jina letu limo, pamoja na kijiji, na jina la mama yake babu. Mlimjibu kwa siku kumi na tisa, kwa lugha nzuri. Nilikaa kitandani kwake nikaisoma mara tatu, nikalia peke yangu, kisha nikairudisha ilivyokuwa na kufunga.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote matano na naomba radhi. Ila barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu Baba anajua inakuja, na maneno makali ya namba tano ni yake. Ninachoomba sasa ni kwamba faili letu lipotee tena. Likionekana kwa bahati mbaya, mpeni mtumishi mvivu kuliko wote mlio nao. Jumamosi nitafika dirishani kama kawaida kuchukua taarifa ya kumpelekea Baba, na nakusihi, Ndugu Mkuu, iwe mbaya.