Namba Niliyowashushia Watu wa Stima

Jumapili, 3 Machi 1996

Aibu! Sina kingine cha kuandika leo ila aibu. Mukhwana, mweka hazina wa kanisa na ajenti mwenzangu wa kastam hapa mpakani, alisimama baada ya mahubiri akasoma matoleo ya harambee. Yote akayasoma vizuri. Alipofika kwangu akakohoa. Akasema cheki ya Ndugu Mathew Bwire imerudi kutoka benki, akaunti haina kitu, kwa hivyo tumkumbuke katika maombi. Kanisa zima likageuka. Kina mama wa kwaya wakanionea huruma hadharani. Afadhali wangecheka. Benedetta, mke wangu, aliangalia viatu vyake mpaka baraka ya mwisho.

Sijazinywea pombe hizo pesa. Sijacheza kamari. Ni watu wa stima! Mwaka jana nilisaini pale benki iwe inawalipa yenyewe kila mwezi, kiasi chochote watakachoitisha. Nilitaka nionekane mtu mkubwa asiyepanga foleni. Sasa kila mwezi wanafika kabla yangu. Wanachota, mimi nakuta sufuria imekwanguliwa.

Nyumbani Benedetta akauliza ni stima gani hiyo tunayotumia. Tuna balbu nne, redio, na friza yake ya samaki. Nikamwambia ni mambo ya kiofisi, aniachie mimi. Hakuuliza tena. Hilo pia limeniuma.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya stima nimefunga tai. Nimepanga foleni na watu wote wasio wakubwa. Dada wa dirishani anaitwa Asio. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwamba wananiibia. Hakukasirika. Akafungua faili yangu akanieleza kwamba hakuna mtu wao aliyewahi kusoma mita yangu tangu nihamie. Msomaji wao, bwana Amollo, kila akija anakuta geti limefungwa. Kwa hivyo wanakadiria tu, kwa kufuata matumizi ya mpangaji aliyenitangulia.

Aliyenitangulia ni Ojwang, fundi wa kuchomelea madirisha na mageti, ambaye siku hizi yuko Malaba. Mashine yake ikiwaka, taa za mtaa mzima zilikuwa zinafifia. Yaani mwaka mzima nalipia mageti ya watu!

Asio akauliza kwa nini geti hufungwa. Nikasema ni mbwa mkali. Hatuna mbwa.

Ukweli nauandika hapa tu: geti nalifunga mimi. Nimefanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu kastam tangu sijaoa. Mtu akija na kofia na faili mkononi, mwili wangu unajua la kufanya kabla yangu. Amollo huja saa ya chakula cha mchana, nikiwa nyumbani. Nazima redio. Nalala sakafuni chini ya dirisha. Yeye anabisha, mimi napumua kidogo kidogo. Akienda najisikia nimeshinda. Kumbe!

Asio akasema dawa ni rahisi. Nisome mita mwenyewe, niandike namba kwenye karatasi, nimletee, atarekebisha bili. Alikuwa anaendelea kunieleza kuhusu namba iliyokuwepo siku tulipohamia, lakini mimi nilishatoka napiga mluzi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanda stuli nikasoma mita. Elfu arobaini na tisa na kitu. Nikashuka. Nikapanda tena. Haki ya Mungu, ile namba ilinitisha. Elfu arobaini na tisa! Nani anapeleka ofisini namba kubwa namna hiyo kwa miguu yake mwenyewe?

Mimi sijawahi kumpa mtu wa ofisi namba kama ilivyo. Lori likija na marobota mia ya mitumba, karatasi inasema sitini. Afisa anapiga kelele, anapandisha mpaka themanini, kila mtu anakwenda nyumbani kwake akiwa na amani. Ukimwambia mia, ataandika mia na ishirini, kwa sababu naye anajua umeshusha. Hiyo ndiyo kazi.

Nikaandika elfu arobaini na moja. Nikaacha nafasi nzuri ya wao kupandisha.

Nimemwambia Benedetta mambo yako sawa, asubiri aone ameolewa na nani. Amefurahi, maskini. Jumamosi ana oda ya samaki aina ya mbuta kwa harusi ya Nerima, binti wa mwalimu mkuu. Friza imejaa mpaka mfuniko unakataa kulala. Hajawahi kupata oda kama hiyo. Akiipeleka vizuri, hoteli za mjini zitamjua, na ataacha kukaa juani na beseni.

Jumatano, 6 Machi

Nimepeleka karatasi. Asio akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena. Akauliza kama nimesoma mwenyewe. Nikasema, kwa macho yangu haya mawili. Akauliza kama pengine sikukosea tarakimu. Nikajua, ahaa, mchezo umeanza, anataka nipandishe. Nikakaza. Akauliza tena kwa upole, kama mtu anayemwita mtoto atoke kando ya kisima. Nikamwambia dada, hata ukipiga magoti ni hiyo hiyo.

Akaandika kitu kwenye faili. Akanishukuru.

Hakupandisha hata moja! Nimepita kwa Mukhwana makusudi, nikamweleza jinsi watu wa stima wanavyoendeshwa. Akasema angependa nimfundishe. Nikamnunulia soda kwa mkopo.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikuwa yadi ya malori asubuhi. Mtu wa boda boda akapita akaniambia mzee, kuna gari la stima kwako na mtu yuko juu ya nguzo. Nikakimbia na faili za wateja kwapani. Nikakuta ameshashuka.

Wamekata.

Amollo ni mtu mrefu, mpole, ana sauti ya mwalimu wa Jumapili. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Akanionyesha karatasi. Siku tulipohamia, mita ilikuwa elfu arobaini na nane. Saini ni yangu. Sasa mimi mwenyewe nimeandika elfu arobaini na moja. Akasema mita hairudi nyuma isipokuwa kuna mtu ameirudisha. Ofisini nimeandikwa mwizi wa stima. Ameagizwa akate kwanza, maswali baadaye.

Majirani walishajaa barabarani. Wengine walikuja na viti.

Kisha Amollo akaniambia kitu cha maana sana. Akasema mzee, fungua geti niione mita sasa hivi, kama ni makosa ya kalamu tutajua, nitarudisha stima kabla sijaondoka. Nikafikiri. Nikifungua, watu wote hawa watajua mimi ni mwongo. Nisipofungua, mimi ni mwizi. Nikasema ufunguo nimeusahau Malaba.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeushika.

Benedetta alirudi alasiri. Nikamwambia stima imepotea mji mzima. Akasikiliza. Kwa jirani redio ilikuwa inaimba. Akafungua friza, akatia mkono ndani, akafunga haraka. Akatoka kwenda kutafuta barafu.

Jumamosi, 9 Machi

Barafu haikutosha. Sitaki kuandika harufu.

Zile zilizokuwa bado nzuri Benedetta ameziuza kwa wenye vibanda kwa bei ya kutupa. Nyingine amekaanga kando ya barabara, madereva wa malori wakinunua huku wakinusa. Zilizobaki nimezizika mimi nyuma ya choo. Jembe lilikuwa zito kweli.

Harusini watu wamekula maharagwe. Nilikuwa nimealikwa, nikaona nisipoenda nitashukiwa. Mama wa bibi harusi alipita meza kwa meza akiomba radhi, akisema mama aliyepewa kazi ya samaki amewaangusha. Wote wakatikisa vichwa. Mmoja akasema wanawake wa soko ndivyo walivyo. Mimi nilikuwa pale pale mbele yake. Mahali pa kusema palikuwepo, na watu walikuwa kimya. Nikaomba chumvi.

Benedetta hakuja. Alikuwa anafua ile nguo aliyokuwa ameishona kwa ajili ya leo, kwa sababu ilishika harufu.

Jumatatu, 11 Machi

Benedetta amekwenda ofisi ya stima mwenyewe. Bila tai, bila sauti kubwa. Amemwambia Asio kwamba geti liko wazi, mtu aje asome.

Amollo akaja na baiskeli saa ya chakula cha mchana. Benedetta akaja naye kwa miguu. Walipoingia walinikuta sakafuni chini ya dirisha. Sikupanga! Nilisikia tu kengele ya baiskeli, nikaona kofia, nikajikuta chini. Nikasema natafuta kifungo cha shati. Nilikuwa nimevaa fulana.

Amollo akapanda stuli. Elfu arobaini na tisa na mia mbili. Sili, muhuri wa ofisi unaofunga mita, haijaguswa. Akapiga hesabu kwenye goti lake, akasema kwa kweli tumetumia stima kidogo sana, na ofisi imetukata pesa kupita kiasi mwaka mzima. Watarudisha. Akaongeza kwamba kama ile Jumatano ningeleta namba niliyoiona, wangekuwa wameanza kurudisha tayari. Nikawaza samaki.

Stima ikarudi. Friza ikaanza kunguruma, tupu.

Benedetta akangoja Amollo aende. Nikaanza kumweleza kuhusu marobota, na afisa, na jinsi mtu anavyoshusha ili mwenzake apate pa kupandisha. Akaniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Mimi si kastam, Baba Cindy. Mimi ni mke wako. Niambie kitu kama kilivyo."

Nimelia. Kweli kabisa, machozi. Nimeapa kwa jina la marehemu mama yangu kwamba kuanzia leo kila kitu atakipata kama kilivyo. Akanipa kitambaa nijifute. Kilinuka mbuta.

Jumanne, 26 Machi

Pesa zimerudi! Nyingi kuliko nilivyofikiri. Nimezitoa zote benki, nikatembea katikati ya barabara nikiimba wimbo wa kanisani. Moyo mweupe kabisa.

Benedetta alikuwa uani anaisugua friza kwa ndimu, bado harufu haijaisha. Akainua kichwa akauliza wamerudisha ngapi.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilikuwa naenda kusema. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu, kitambaa mkononi, ananitazama, anangoja namba. Nikasema nusu.

Nilidhani atapandisha. Hakupandisha! Aliamini hapo hapo. Akasema asante Baba Cindy, kwa kuniletea zote. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Masikio yangu yaliwaka moto.

Akasema hazitoshi kujaza friza, lakini si neno, atakwenda kule ziwani, Sio Port, awaombe wavuvi wamkopeshe samaki zilizobaki. Hawamwamini sana tangu mambo ya harusi yafike huko. Atawabembeleza. Akavaa nguo yake ya kanisani ili aonekane mtu wa kulipa. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya soksi, inanibana. Akauliza mbona nachechemea. Nikasema ni kiatu. Akasema pole, akirudi atanikanda.

Nimekaa hapa sasa na miguu yangu. Aibu haielezeki. Lazima nimwambie ukweli, na nitamwambia leo leo akifika.

Nitaanza na robo.