Kwikwi ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mama mkwe ana kwikwi tangu juzi. Ameapa haondoki kwetu mpaka iishe. Yeye na mke wangu kitandani, mimi kwenye mkeka sebuleni. Mgongo! Shemeji, mwanawe, ni muuguzi, na kwa mama yake neno lake ni sheria. Kasema tuiache, itaisha yenyewe. Upuuzi. Dawa ya kwikwi ni kushtuliwa, kila mtu anajua. Nikimponya mimi, kitanda changu kinarudi na shemeji anafyata mkia.

Nimepuliza mfuko wa karatasi, nikaupasua kwa kishindo nyuma ya kiti chake. Kaendelea kufuma sweta. Paka ndiye aliyeruka dirishani, hajarudi.

Jumatano, tarehe 6
Nimejificha kwenye kabati la chumbani, katikati ya makoti, nimngoje mama mkwe aje kuchukua mtandio. Giza. Nikasikia mtu anahema. Nikabana pumzi. Kuhema kukaendelea.

Nywele za kisogoni zikasimama. Shemeji hudai kwamba mtu akiogopa, damu hukimbilia miguuni ili apate mbio. Yangu sijui ilikwenda wapi! Miguu ilikufa ganzi.

Mama mkwe akafungua mlango. Hakushtuka hata kidogo. Akatazama nyuma ya bega langu, akauliza kwa upole, "Na huyo mwenzako ni nani, mwanangu?"

Hapo miguu ikafufuka. Nilijikuta uani na ndala moja. Habari za suruali siziandiki.

Alhamisi, tarehe 7
Kwikwi yake imekwisha. Yangu imeanza. Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta. Nimemuuliza mama mkwe kama alikuwa akinitania. Kasema hana utani na mkwe wake. Halafu kaniusia nikirudi chumbani nisilale mlango wa kabati ukiwa wazi. Naogopa.

Jumamosi, tarehe 9
Shemeji kamrudisha mama yake kwake. Nimewasindikiza mwenyewe asubuhi hadi kituoni. Kitanda changu! Nimejinyoosha, nikapiga kwikwi.

Kabati likajibu kwa kwikwi.

Vinyweleo vyote vimesimama. Kisha akili ikanijia: shemeji! Kajificha humo anishtue, nipone, sifa achukue yeye. Mke wangu kapaza sauti kutoka jikoni, eti shemeji kapiga simu, wamefika salama. Kumbe naye yumo kwenye njama!

Hawaniwezi. Nimechukua mfuko wa karatasi. Naingia nimshtue mimi kwanza, na mlango naufunga nyuma yangu asipate pa kukimbilia.