Vigae Mia Mbili vya Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeokota dodo. Msimamizi aliyebomoa ghala la zamani kanipa vigae mia mbili vya kuezekea, vya mawimbi, vya kijivu. Bure! Na lori kalileta yeye. Nimemshukuru haraka asije akazinduka. Vimejaa uani hadi kwenye kamba ya nguo. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana duka la mabati ng'ambo ya barabara. Alivitazama, akafunga mdomo wake kwa kiganja. Wivu huo!

Jumanne, 4 Machi

Nitaviuza. Nimekata kimoja kwa msumeno ili wateja waone ubora. Vumbi jeupe, laini kama poda. Mke wangu kaniuliza kwa nini mtoto anapiga chafya. Nikamwambia mafua. Kisha jirani yetu, fundi mstaafu, akaja kwenye uzio, anahema kama aliyekimbia, na ametoka kitini tu. Nilimwamkia. Hata hakuitikia.

"Mwagia maji, mwanangu! Acha kukata! Hiyo ni asbesto!"

Alisema kafanya kazi miaka ishirini katika kiwanda cha vigae kama hivi, na sasa mapafu yake yamekakamaa. Nimeshtuka. Kisha nikawaza: katumwa na shemeji.

Jumatano, 5 Machi

Hakutumwa. Binti yangu mkubwa, mwalimu wa jiografia, kaniambia asbesto imepigwa marufuku hapa kwetu zamani. Moyo ulinipasuka paa! Lakini sikukaa bure. Nitaviuza nje. Nikachagua Aisilandi: kisiwa cha mbali, watu wachache, habari haziwafikii. Binti akatazama simu. Aisilandi walipiga marufuku mwaka 1983, miongoni mwa wa mwanzo kabisa duniani. 1983! Mimi nilikuwa bado nafutwa kamasi!

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mshtuko juu ya mshtuko. Mimi nataja nchi, binti anataja mwaka. Australia? Mwisho wa 2003. Umoja wa Ulaya wote? 2005. Afrika Kusini, nikasema, wale walikuwa wanaichimba wenyewe, hawawezi kuitupa. 2008, akasema. Brazili? Mahakama yao kuu, 2017. Kanada nao walikuwa na migodi mikubwa. 2018! Tena kulikuwa na mji ulioitwa Asbesto, na wenyeji wamepiga kura kuubadili jina. Mji mzima umekana jina lake! Nikang'ang'ania Marekani. Akasema walizuia aina ya mwisho iliyokuwa bado inaingia nchini mwaka jana tu.

Nikasema, basi nimechelewa mwaka mmoja. Binti akaweka simu chini. "Baba, umesikia hata neno moja?"

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kaondoka na mtoto. Kaenda kwa kaka yake! Kasema harudi mpaka kigae cha mwisho kitoke uani.

Jioni nikamsaidia fundi mstaafu kupanda ngazi za mlango wake. Ni ngazi tatu. Tulipumzika mara mbili. Mwanaume yule alikuwa akibeba mbao peke yake. Leo mwepesi kama gunia tupu. Nikamuuliza kwani kiwandani hawakuambiwa ni hatari. Akasema waliambiwa vumbi ni vumbi, wanywe maziwa. Nimerudi nyumbani nikapiga simu mwenyewe namba ya dharura ya ofisi ya mazingira.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja! Watu wanne, mavazi meupe kutoka utosini hadi kidoleni, barakoa kama pua ya nguruwe. Wakavilowesha vigae, wakavifunga nailoni nene, wakavipakia taratibu kama mayai. Wakachukua na msumeno. Wakachukua na shati langu. Suruali pia! Nimesimama uani nimejifunga kanga ya mke wangu, na shemeji ng'ambo kawapangia wateja viti.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepigwa picha ya kifua. Daktari kasema haioneshi kitu, na kwamba kwa vumbi la siku moja hatari ni ndogo, ila ugonjwa huu hujificha hata miaka thelathini. Thelathini! Mke wangu, naye kamleta mtoto kupimwa, kanishika mkono. Kasema leo anarudi nyumbani na mtoto. Nikamwapia, mbele ya daktari, kwamba sitagusa tena kitu nisichokijua.

Alipokwenda kuchukua dawa ya mtoto, nikapiga soga na jamaa wa benchi la pili. Bwana muungwana sana. Ana mapipa arobaini ya rangi ya zamani, anataka tu kuyaondoa katika bohari lake. Anasema ina madini ya risasi kidogo ndani. Nikamuuliza nchi ngapi zimeipiga marufuku. Akasema hajui.

Nimefurahi mno. Hata mimi sijui. Anayaleta kesho asubuhi.