Kitambi cha Bata Bukini

Kuanzia Jumatatu, katika mtaa mzima wa Katoyi, hakuna bata bukini atakayeruhusiwa kukua bila Serikali kujua kama ni dume au jike. Hivyo ndivyo alivyotangaza Chef Dieudonné, mkuu wa Huduma ya Kutambua Jinsia ya Mabata Bukini, akiwa na kipaza sauti, juu ya kiti cha plastiki kilichoshikiliwa na watu wawili kwa sababu za usalama.

Nia ilikuwa safi. Dume hatagi, anakula tu. Kwa hiyo kila dume ni ziada, na ziada ni mali ya Serikali. Kwa bahati njema, Directeur wa Huduma nzima alikuwa njiani kutoka Kinshasa, na mgeni mkubwa halishwi sombe, majani ya muhogo, peke yake. Dieudonné alikuwa chef wa muda kwa miaka. Alikitamani kiti cha kudumu mpaka usingizi ukamkimbia, na kilichobaki ni saini ya Directeur tu.

Kazi ilianza na vifaranga. Wote walikuwa wa manjano, wote walilia sawa, na aliyegeuzwa miguu juu achunguzwe alimchafulia mchunguzi koti. Huduma ikaamua kwamba utoto hauna jinsia, wasubiriwe. Walipokua, Dieudonné alitazama mara moja akaelewa. Maishani mwake hakuwa amewahi kutumikia mkubwa mwembamba. Akabandika sheria ukutani mwa ofisi: mwenye kitambi na sauti nzito ni dume, mwembamba mwenye sauti nyembamba ni jike. Yeye mwenyewe alikuwa na kitambi na sauti nzito, hivyo ushahidi mwingine haukuhitajika.

Kwa mfugaji mmoja, Mama Kanyere, alimkuta bata mnene, tumbo likiburuza kwenye mawe ya volkano.

"Huyu ni dume," alisema.

"Hapana, Chef, ni muke. Bata muke njo iko na tumbo ya chini na sauti ya nguvu. Bwana yake ni ule pale, wa shingo murefu, analia sawa filimbi."

"Mama, ule ni mwembamba."

"Ndiyo, papa. Ni mume."

"Unataka kubishana na Serikali juu ya kitambi?"

Hakutaka. Bata akapelekwa kwenye ua wa ofisi pamoja na wanene wenzake wote wa mtaa. Na kwa kuwa mtu aliyefungwa cachot hulishwa na ndugu zake, kila asubuhi Mama Kanyere alimletea bata wake majani na makombo ya bugali.

Safari ya Directeur ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Madume wakaanza kutaga. Dieudonné hakutetereka. Maadamu sheria ilishabandikwa, mayai yale hayakuwa na mama, na kitu kisicho na mwenyewe huliwa na Serikali. Akayala ya kukaanga, kwa utulivu wa mtumishi mwaminifu.

Hatimaye Directeur akafika, mtoto wa Kalengera, kijiji cha mkoa huohuo, aliyepandia cheo Kinshasa. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kupita ya mtoto. Aliisoma sheria ya ukutani kwa sauti hiyo hiyo, polepole, mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka, ingawa wengi waliumwa mbavu.

Kisha akaingia uani. Mama Kanyere alikuwa ameinama na majani yake. Bata akainuka kula, na chini yake mayai yakaonekana, bado yana joto.

"Hizi mayayi ni za nani?"

Dieudonné aliogopa kweli kweli. "Ni za madume, Excellence."

"Za madume?"

"Kufuatana na règlement ya ukutani, Excellence. Kitambi na sauti nzito."

Directeur alimtazama kitambi kwanza, kisha uso. Akairudisha mfukoni kalamu ya kutia saini.

"Mama, chukua bata yako na mayayi yake," alisema. "Na wewe, Chef, nimeona mwenye kitambi na sauti nzito njo anazaa mayayi. Ni vizuri. Nitatia signature siku utazaa yayi ya kwanza."

Mpaka leo Dieudonné ni chef wa muda. Kila asubuhi akina mama wa Katoyi hupita ofisini kumwuliza, kwa heshima zote, kama kuna kitu kimetoka.