Ubaridi Rasmi wa Masjala

Kitengo cha Uchunguzi wa Maeneo Yasiyotembelewa, ambacho mimi ni mkuu wake na pia mtumishi wake pekee, kinautangazia umma kwa fahari kubwa kwamba joto la kila chumba katika jengo letu sasa linajulikana bila mtu kunyanyuka kitini.

Tunatumia mlinganyo. Joto husambaa, kwa hiyo ukilipima mahali pamoja na ukajua linavyosafiri, unakokotoa hali ya chumba usichokiona. Kipimajoto chetu tulikiweka ofisini kwa Mkurugenzi, chini ya kiyoyozi, maana ndipo penye heshima. Kiyoyozi chenyewe hatukukiingiza kwenye hesabu. Mkurugenzi amepiga marufuku viyoyozi ili kubana umeme, kwa hiyo chake hakipo.

Basi baridi ile iliyosomwa na kipimajoto ilikuwa inatoka wapi? Nilikokotoa wiki nzima. Ilikuwa inatoka masjala, mwisho wa korido, ukuta mmoja na jenereta.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anafanya kazi masjala na mimba yake kubwa. Alinijia jasho likimtiririka.

"Shemeji, kule tunaiva! Jana nimezimia. Tupe feni tu, jamani."

"Unaiva kwa hisia," nilimwambia. "Kwa hesabu unatetemeka."

"Si uje uone mwenyewe?"

"Nikija kuona, kitengo changu kitabaki na kazi gani?"

Aliondoka bila kuaga. Roho iliniuma, na nyumbani mke wangu alihakikisha inaendelea kuniuma. Kesho yake nikawapelekea masweta.

Siku ya uzinduzi wa mlinganyo walikuja wageni kutoka wizarani. Mkurugenzi akatangaza, kifua mbele, kwamba masjala ndiyo chumba chenye ubaridi kuliko vyote. Makofi. Shemeji akasimama, kavaa sweta.

"Hongera, Mheshimiwa. Ila utaratibu wetu unasema chumba bora ni cha mkuu. Sisi wadogo tunaona haya kuendelea kukikalia."

Wageni wakapiga makofi zaidi. Mkurugenzi akanigeukia.

"Hakuna kitu kingine kinacholeta baridi ofisini kwangu?"

"Kipo kitu kingine, Mheshimiwa?"

Akawatazama wageni. "Hakipo," akasema.

Mkurugenzi na watu wa masjala wakabadilishana vyumba siku hiyo hiyo. Shemeji sasa ananyoosha miguu chini ya kiyoyozi ambacho hakuna awezaye kukizima, maana hakipo. Mkurugenzi yuko masjala, na kitengo changu kimehamishiwa ubavuni kwake.

Jana ameniomba feni. Nikaenda kusoma kipimajoto, ambacho kimebaki kule kwa shemeji, nikakokotoa upya kwa uangalifu, nikamletea sweta. Langu nilikuwa nimeshalivaa.