Koti la Mwenyekiti

Tangazo lilisomwa mbele ya hospitali, chini ya mahema mawili ya kukodi. Kuanzia siku hiyo, Hospitali ya Lango la Mpaka, mjini Busia, ingewafadhili wauguzi wake kusomea shahada ya uzamili, ili nchi jirani zote zije kujifunza kwetu. Aliyelisoma ni Bwana Egesa, mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Ufadhili, Uendelezaji na Uinuaji wa Wauguzi. Alilisoma vizuri sana. Alikuwa na mazoezi, maana hilo lilikuwa tangazo la tisa, moja kila mwaka, na hakuna muuguzi hata mmoja aliyekuwa amekwenda popote.

Msimlaumu. Egesa aliamini kwa moyo safi kwamba ufadhili ni kitu cha thamani, na kitu cha thamani hakigawiwi ovyo kwa kila anayekihitaji.

Mwaka huu shida ililetwa na Apeduno, muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Yeye alifanya kosa la kuomba. Tena alikuja na barua ya chuo kikuu mkononi, kwamba amepata nafasi ya kusomea uuguzi wa watoto wachanga, lakini barua ya mfadhili isipofika kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, nafasi itapewa mwingine. Alikuwa ameitafuta nafasi hiyo kwa miaka mitatu. Kila mwezi aliwapakia kwenye ambulensi watoto wadogo kama nusu mkate, wapelekwe mbali, kwa sababu hapa hapakuwa na mtu aliyesomea kuwahudumia wakizidiwa. Wengine hawakufika. Jambo hilo lilimuuma, na hakulificha.

Egesa alisikitika kiasi kinachotakiwa na cheo chake, kisha akamweleza kuhusu Jaribio la Pengo. Mwombaji hukaa nyumbani siku tatu, na mwenyekiti mwenyewe huketi kazini kwa mwombaji kuhesabu ni mara ngapi ataulizIwa. Akiuliziwa sana, ina maana anaacha pengo, na hospitali haiwezi kumwachilia. Asipouliziwa, ina maana hana faida, na ufadhili haupotezwi kwa watu wasio na faida.

Apeduno alifikiria kidogo. "Boss, wakiniulizia siendi, wasiponiulizia pia siendi. Sasa hiyo kitu mtu hupita aje?"

"Ndiyo maana inaitwa jaribio, dada," Egesa akamjibu kwa upole.

Jumatatu Apeduno akabaki kwao Adungosi akipalilia njugu, simu imezimwa kwa amri ya kamati. Egesa naye akaenda wodini na daftari jipya.

Hapa inafaa niseme habari za koti. Egesa alikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kazi. La kuvaa alilivaa. La kazi, la kijivu, lenye kalamu mbili mfukoni, lilikaa kwenye kiti chake ofisini mwaka mzima, ili kila anayechungulia ajue bosi yupo, ametoka tu kidogo. Mara nyingi huko kutoka kidogo kulimfikisha Malaba, ambako aliwajazia madereva wa malori fomu za forodha, kazi aliyoipenda kuliko zote. Palipozuka manung'uniko, alitoa Waraka Namba Nne: koti likiwa kitini, afisa yupo kazini, na mahudhurio yaandikwe hivyo. Karani wake, Akwii, aliubandika ukutani na kuufuata neno kwa neno.

Wodini kazi ya kuhesabu ilikuwa nzito. Akina mama walimuulizia Apeduno. Daktari alimuulizia. Mfagizi alimuulizia, na muuguzi mmoja aliyebaki, aliyekuwa akikimbia kama kuku aliyemwagiwa maji, alimuulizia hata akiwa anakunywa chai. Jumanne mashine ilipoanza kulia juu ya kitoto kilicholetwa kutoka Funyula, Egesa aliruka akasema, "Jamani, Apeduno yuko wapi?" Kisha akaketi, akajiandika mwenyewe, namba mia na tisa. Alikuwa mtu wa haki.

Mpaka Jumatano saa nane alikuwa na mia mbili na kumi na nne. Hakuwa amepata kuona pengo kubwa namna hiyo. Akarudi ofisini ametabasamu, tayari kuandika ripoti itakayojadiliwa Jumatatu, wakati Ijumaa ya chuo imeshapita salama.

Akamkuta Akwii akichapa kumbukumbu za kikao.

"Kikao gani?" akauliza.

Akwii akaeleza bila haraka. Mama Roselida, mkuu wa bodi ya hospitali, alipita leo saa nne, akachungulia, akaona koti. Akasema mradi mwenyekiti yupo, kamati ikae. Wajumbe wakaitwa. Ombi la Apeduno likasomwa. Mama Roselida akamuuliza mwenyekiti mara tatu kama ana pingamizi, na mwenyekiti hakuwa nalo. Barua ya ufadhili ikapigwa muhuri. Kumbukumbu zilitaja kwamba mwenyekiti alisikiliza kwa makini bila kumkatiza mtu, jambo lililosifiwa na wajumbe wote.

"Tulimtuma mtu wa bodaboda akamwite kwao, na Apeduno mwenyewe ndiye ameichukua," Akwii akamalizia. "Saa hii yuko njiani kuipeleka chuo."

Egesa akaligeukia koti kitini. "Lakini mimi sikuwa hapa."

Akwii akaacha kuchapa. "Niandike hivyo, boss? Koti lilikuwa, wewe hukuwa?" Akavuta kutoka kabatini vitabu vya mahudhurio, miaka tisa, akavipanga mezani kwa adabu. "Basi itabidi nirekebishe na hizi zote."

Egesa aliviangalia vitabu. Aliwaza Malaba. Aliwaza madereva, na fomu zao, na chapati za huko. Aliogopa, kweli aliogopa.

"Andika nilikuwepo," akasema.

"Asante. Kuna na azimio la mwisho." Akwii akasoma: kwa kuwa wodi ya watoto njiti inahitaji mikono, na kwa kuwa Bwana Egesa tayari amekaa huko siku tatu huku ofisi yake ikienda vizuri kuliko wakati wowote, kamati imemwomba aendelee kusaidia wodini, kufua, kupasha maji na kubeba, miaka miwili, hadi Apeduno atakaporudi. Ofisini koti linatosha. Mwenyekiti hakupinga.

Mwanamume hakushindwa hivyo hivyo tu. Alikumbuka jaribio lake. Akamwagiza Akwii afungue ukurasa kwa jina la Egesa, ahesabu wiki nzima kila anayemuulizia pale ofisini, ili bodi ione pengo lake lilivyo na imrudishe haraka.

Jumatano iliyofuata Akwii alimletea ukurasa wodini. Egesa aliupokea kwa mkono mmoja, kwa maana wa pili ulikuwa na kitoto cha Funyula, kimenenepa kidogo. Ulikuwa mweupe kutoka juu hadi chini, na kwenye nafasi ya mwenyekiti kuthibitisha ulikuwa umepigwa muhuri wake mwenyewe.